Upepo wa Kusi na Kiapo cha Mtani

Wenzangu wa kwaya, nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja anakuja kupima sketi, nampa kipande cha treni. Mwingine anakuja kuchukua gauni, nampa kipande cha mawimbi. Mkikutana kanisani mnaviunga mnavyotaka, na sasa nasikia wengine wanasema niliogelea. Sikuogelea. Mimi hata bwawa la Igombe naliangalia kwa mbali. Basi leo nimefunika cherehani, nawaandikia yote kama yalivyokuwa, mkitaka kuongeza chumvi mwongeze wenyewe.

Tabora hadi Tura

Mnamjua Roda, mdogo wetu wa mwisho, aliyeolewa na mwalimu Elia wakapangiwa kazi kisiwani Mafia. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Ya tatu ilipofika miezi minane alipiga simu, akamwambia mama, "Safari hii nisipokuona sitaweza." Mama yetu, mwenye umri wake na magoti yake, ambaye hakuwahi kufika mbali kuliko Dodoma, akasema anakwenda. Nikachaguliwa mimi nimpeleke, kwa kuwa kaka zangu walikuwa na mavuno na mimi nina cherehani tu, kana kwamba cherehani inajiendesha.

Pale stesheni kaka Yohana, mkubwa wetu, alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Tabitha, mama tunakukabidhi wewe. Umfikishe kwa Roda, na umrudishe." Nikajibu ndiyo. Mtu anajibu ndiyo haraka akiwa amesimama kwenye nchi kavu.

Tura tulisimama sana kupisha treni nyingine. Mama alichungulia dirishani akafurahi kama amefika kwao. Babu yake alikuwa mpagazi, alitembea njia hii kwa miguu hadi pwani na mzigo begani, na mama amelelewa na hadithi zake. "Hapa ndipo walipokuwa wakijaza vibuyu," alisema. "Mbele ni Mgunda Mkali, pori lisilo na maji. Wengine walianza kulia hapa hapa Tura."

Jirani yetu kwenye behewa, baba mmoja mnene aliyekuwa anarudi Dar es Salaam, aliuliza tunaenda wapi. Nikamwambia. Akaacha kumenya yai.

"Mafia? Mwezi huu wa sita?"

"Kuna nini mwezi wa sita?"

"Dada, hiyo ndiyo kusi. Upepo wa kusini. Unaanza kusukuma tangu masika, ukifika mwezi wa sita na wa saba umekomaa. Asubuhi unajifanya umelala, mchana unaamka, na ukiamka bahari nzima inaamka nao." Kisha akamalizia yai lake kwa raha kabisa, akanifutia hamu ya kula kwa siku nzima.

Mama hakushtuka. "Babu alikufa kitandani," alisema. "Pori halikumla, na mimi maji hayatanila." Nilitamani imani hiyo iwe ya kuambukiza.

Njia ya babu hadi pwani

Saranda tulinunua kuku. Kuku mwenyewe alikuwa mgumu, lakini mama alimtafuna hadi mifupa, kwani alikuwa hajaamini bado kwamba huko mbele kutakuwa na chakula. Kwenye mfuko wake alikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, ya kutosha kulisha msafara, na mfuko mwingine ulikuwa na nguo za mtoto nilizoshona mimi: kofia, soksi, vigauni viwili na vikaptula viwili kwa sababu hatukujua atakuja nani.

Dar es Salaam sitaisimulia, mmeshaisikia. Ila pale Mbagala, tulipokuwa tunangoja gari la Nyamisati, niliagiza wali wa nazi, mwenye mgahawa akaleta na kitoweo cha pweza juu yake kwa ukarimu. Mama aligeuza sahani polepole, akaitazama kutoka kila upande.

"Tabitha, hiki kitu kilikuwa na mikono mingapi?"

"Mingi, mama."

"Na kiliishi huko tunakokwenda?"

Nikasema ndiyo. Akasukuma sahani, akatoa matobolwa. Mwenye mgahawa akadhani tumemdharau, akawa anafuta meza yetu kwa hasira mpaka tulipoondoka. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba hatukumdharau hata kidogo, tulikuwa tunaogopa tu.

Mbagala hadi Nyamisati

Ndani ya gari ndipo tulipompata Bi Mwanahawa. Mwanamke wa makamo, mfupi, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, anafanya biashara ya nazi na samaki wa kukaanga kati ya Mafia na bara. Aliuliza tumetoka wapi. Mama akasema Tabora. Bi Mwanahawa akapiga makofi.

"Wanyamwezi! Mimi Mzaramo wa Kisarawe! Karibu, mpagazi wangu, umechelewa mno. Mzigo wangu ulitakiwa ufike tangu enzi za babu yangu!"

Nyinyi vijana wa sauti ya nne huenda hamjui, kwa hiyo naeleza. Sisi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walipita kwao wakiwa na misafara, wakala kwao, wakagombana nao, wakapatana, na mwisho wakakubaliana kwamba watatukanana bila mtu kukasirika. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, kukuimbia kwamba umekufa, hata kuja msibani kwako akalala mahali pa maiti, nawe unatakiwa ucheke. Heshima haipo kati yenu, wala shikamoo.

Mama, aliyekuwa kimya tangu pweza, alifufuka. "Mzigo wenu tuliula njiani," alisema. "Tulipofika babu yako alikuwa amelala, kama kawaida yenu, tukaona tusimwamshe."

Gari zima lilicheka. Bi Mwanahawa akaukwapua mfuko wa matobolwa, akala, akatema, akaapa wallahi kwamba hajapata kula gome la mti tamu hivyo, akala tena. Akamwangalia mama juu hadi chini.

"Na baharini utakufa, Mnyamwezi. Samaki wameshachoka nyama ya pwani, wanangoja ya bara. Wallahi leo hufiki."

"Nikifa nguo zangu usiguse."

"Hicho kitenge nimeshakichagua!"

Walikwenda hivyo mpaka Bungu, na kutoka Bungu hadi mwisho wa barabara. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kwa muda ule nilisahau kabisa maneno ya yule baba wa yai.

Nyamisati

Nyamisati haionekani kama mahali pa kuogopa. Ni mkono wa mto ndani ya mikoko, maji yametulia, rangi ya chai ya maziwa, na boti zimefungwa kama mbuzi. Mama alisimama ukingoni, akatabasamu. "Hii ndiyo bahari? Mbona ni kama Igombe." Moyo wangu ukatua.

Kivuko kikubwa, tuliambiwa, kimeahirisha safari mpaka kesho alfajiri. Lakini boti moja ya mbao yenye injini ilikuwa inapakia vitunguu, magodoro na watu, inaondoka mchana ule ule. Wakati huo huo Elia akapiga simu. Roda ameanza kuumwa uchungu, yuko hospitali ya Kilindoni, huko Mafia, anamwita mama. Nikasikia sauti yake kwa nyuma. Sikutaka kuisikia mara mbili.

"Tunapanda hii," alisema mama, nikamwambia Elia kwamba tunakuja na boti ile.

Bi Mwanahawa alikuwa anaangalia juu, kwenye vichwa vya minazi ng'ambo, ambavyo vilikuwa vimelala upande mmoja. Akauliza vijana wawili jambo, akarudi kwetu haraka.

"Mnyamwezi, usipande hiyo. Leo mkitoka nje ya mikoko mnakufa. Wallahi."

Mama alicheka sana. "Kitenge changu bado unakitaka!"

"Nisikilize. Kusi imeamka, na maji yanapwa. Mnakufa, nakwambia."

"Na wewe njoo, ukalale mahali pangu!"

Bi Mwanahawa akashika mkanda wa mfuko wa mama, akavuta. Mama akavuta upande wake. Watu waliokuwa wanapakia wakashangilia kama wako kwenye ngoma, wengine wakimtia nguvu Mzaramo, wengine Mnyamwezi. Aliapa tena wallahi, lakini wallahi hiyo hiyo alikuwa ameiapia matobolwa. Nikamwona anashusha kikapu chake kutoka kwenye rundo la mizigo, anakaa juu yake na kushika shavu, nikajisemea, mwanamke huyu ni mtani wa kweli, anajua kuigiza mpaka mwisho. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Nje ya mikoko

Ndani ya mikoko tulikwenda vizuri. Mama alihesabu kunguru. Maboya ya kuvaa yalikuwa machache, nikampatia mama moja lililokatika kamba, nikamfunga kwa mtandio wangu, akalalamika kwamba linamfanya aonekane mnene. Halafu miti ikaisha.

Sijui niwaambieje. Hakukuwa na mahali ambapo upepo ulianza, ulikuwepo tu, umejaa, kama mlango umefunguliwa. Boti ilipanda, ikasimama, ikaanguka. Mbele yetu maji hayakuwa bapa tena, yalikuwa yamesimama, kijani kibichi chini na meupe juu, wimbi moja nyuma ya lingine, karibu karibu. Mwenye vitunguu aliyekaa kando yangu alipiga kelele sikioni kwangu, "Maji ya mto yanatoka, upepo unayasukuma ndani! Yanapigana!" Sikuhitaji maelezo. Wanaopigana nilikuwa nawaona, na sisi tulikuwa katikati.

Wimbi la kwanza kuingia lilinipiga kifuani. La pili liliijaza boti hadi vifundoni. Watu wakaanza kuchota kwa ndoo, kwa sufuria, kwa viatu. Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikashika tena, na katika ule ukimya mfupi nilisikia watu wote wakiomba kwa pamoja, hawa "Ya Rabbi," hawa "Ee Yesu," wala hakuna aliyemshangaa mwenzake. Nahodha akapaza sauti mizigo itoswe. Magodoro yakaenda, vitunguu vikaenda, mwenyewe akavitupa huku analia. Mkono mmoja ukaushika mfuko wangu wa nguo za mtoto. Niliuachia. Sikuutazama hata ulipoangukia.

Mama alikuwa amelaza kichwa mapajani kwangu, amefumba macho. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Sikumfikiria Roda, wala Mungu, sifichi. Nilikuwa nafikiria jambo moja: mtandio niliomfunga nao mama ni wa hariri ya bandia, ukilowa unateleza, na mimi fundi mzima nimefunga fundo la kawaida. Nikawa nalishika lile fundo kwa mikono miwili. Kisha nikahisi hapumui.

"Mama!"

Akafumbua jicho moja. "Tabitha," alisema, "bahari ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Basi yule Mzaramo alikuwa anasema kweli."

Nahodha aliamua kurudi. Mwenye vitunguu aliniambia kwamba hapo ndipo penyewe, kwa sababu boti ikigeuka inalaza ubavu kwa mawimbi, na wimbi likikuta ubavu hakuna habari tena. Basi tukangoja. Nahodha alikuwa ameacha kupiga kelele, anatazama nyuma ya kila wimbi, anaachia moja lipite, anaachia lingine. Kungoja kule ndiko kunakonijia mpaka leo nikiwa nashona. Mara akasukuma usukani, boti ikalala, nikaona maji mahali ambapo pangekuwa na anga, watu wakatuangukia, nikalishika fundo. Halafu tukanyooka. Upepo ukawa mgongoni, na mikoko ikaanza kuja.

Nyamisati tena

Bi Mwanahawa alikuwa amekaa pale pale juu ya kikapu. Alipotuona alikimbia akaingia majini na nguo zake, akamshika mama mabega, akamtikisa.

"Nilikwambia! Nilikwambia, we bibi!"

"Uliniambia kama utani!"

"Ningekwambiaje? Eh? Mimi mtani wako, ningekwambiaje ukaamini?"

Wakashikana, wakalia, na safari hii hakuna aliyeshangilia. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Bi Mwanahawa akamgeukia akamwambia anyamaze, hawa wameshavunjika vya kutosha.

Simu yangu ilikuwa imekufa maji. Namba ya Elia ilikuwa humo humo, kichwani sina hata tarakimu moja. Bi Mwanahawa alitutafutia chumba kwa mwenyeji wake, uji wa moto, na kanga kavu. Upepo ulipiga bati hadi nikalala nimeshika kitanda.

Alfajiri mama alikataa kutoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu pamoja, akasema kwa upole, "Mimi hapana." Nikambembeleza. Nikamtaja Roda. Akasema, "Namsikia. Lakini mimi hapana." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilitaka aendelee kukataa ili na mimi nisivuke.

Bi Mwanahawa akaingia. Mama akamwambia, "Umekuja kuchukua kitenge?" lakini sauti haikuwa na mchezo ndani yake.

Yule mwanamke hakucheka. Alivua viatu, akapiga goti kwenye sakafu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Katika njia yote ile ya matusi hakuwahi kumwamkia, wala hapaswi, mtani hamwamkii mtani. Mama alimwekea mkono kichwani.

"Marahaba, mwanangu."

"Upepo umeshuka. Maji yanajaa, hayapigani na kitu. Kivuko kikubwa kinaondoka sasa, tutakuwa Kilindoni kabla kusi haijaamka. Na mimi napanda, nitakaa ubavuni kwako. Sasa hivi sikutanii."

Mama akanyoosha mkono asaidiwe kusimama.

Kilindoni

Msifikiri bahari ilikuwa shwari. Ilikuwa inapumua, mawimbi marefu yanatuinua na kutushusha taratibu, na kila tulipoinuliwa nilishika nguo ya Bi Mwanahawa. Mama alikaa katikati yetu, macho mbele, hadi tulipogusa ngazi za gati.

Hospitalini Elia alikuwa amesimama kwenye kibaraza, shati limefungwa vifungo vibaya. Alipotuona alikaa chini, pale pale sakafuni. Jioni iliyotangulia walipata habari kwamba boti ya mbao imetoka Nyamisati na haijafika. Habari kwamba imerudi haikuwafikia. Roda alijifungua usiku akiamini mama amezama.

Tukaingia. Roda alikuwa amegeukia ukuta, mtoto kando yake, wa kike, mzima, mdogo kama kiganja cha unga. Mama akasema, "Roda." Hakugeuka. Mama akasema tena. Roda akajifunika kanga usoni, na bila kutazama akanyoosha mkono nyuma akapapasa mpaka akapata mguu wa mama, akaubonyeza, akauminya.

"Nimekuua," alisema chini ya kanga. "Mimi ndiye niliyekuita. Nimekuua."

"Bado," alisema mama, akapanda kitandani na viatu vyake.

Kurudi

Nilikaa mpaka Roda akapata nguvu. Nilipofungasha, mama hakufungasha. Nilimwambia kuhusu ahadi yangu kwa kaka zangu pale stesheni. Akasema, "Waambie nimefika. Ule upande wa kurudi siuwezi. Si peke yangu na wewe, Tabitha, ambaye unaogopa kuliko mimi. Waje wanaume wangu wanishike mkono huku na huku, nitavuka."

Nilivuka na Bi Mwanahawa, alfajiri, nimefumba macho njia nzima. Treni niliyopanda sikumbuki hata ilisimama wapi.

Kaka zangu walinuna. Kaka Yohana alisema ataenda mwenyewe kumchukua, na kaka yetu mwingine, Petro, ataungana naye, kazi ya wanawake imeharibika sasa waachiwe wanaume. Kabla hawajapanga akaniuliza, kama mtu asiyejali, huko baharini kukoje hasa. Nikamweleza jinsi nilivyowaeleza nyinyi, hadi pale nahodha alipokuwa anangoja. Petro aliniuliza mara mbili juu ya injini kunyamaza. Tangu siku ile wanasema wangoje kwanza kusi iishe. Na mimi siwasukumi, kwa sababu wakisema twende wote, itabidi niende.

Mama aliingia bahari ile mara mbili kwa ajili ya mtoto wake mmoja. Sisi ni watatu, tuna nguvu, na hakuna hata mmoja wetu aliyevuka kwa ajili yake. Hilo linaniuma, na naliandika kwa sababu mbele yenu siwezi kulisema.

Jumapili iliyopita, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha hapa Tabora, mama alipiga simu. Tulikuwa wote kwa kaka Yohana, akaweka sauti ya juu. Tulimsikia mtoto akicheka karibu yake. Akauliza, kama anavyouliza kila mara, "Mnakuja lini kunichukua?"

Kaka alikohoa. "Tunangoja kusi itulie, mama."



"Kusi ilikwisha zamani, baba," alisema. "Mimi niko hapa gatini. Maji yamelala."